Nimemweka Mwenyewe Ndani, Naambiwa Hayupo

Mimi ni mfuga kuku. Nina kuku wa mayai 180 hapa Buza, daftari la kaunta lililoliwa na mende pembeni, na akili ambayo hadi mwezi uliopita hakuna aliyekuwa akiitilia shaka. Kisha mpwa wangu anayesoma chuo akaja Jumapili, akala wali wetu, akalipekua daftari, akaguna. "Mjomba, hesabu za trei na pumba bado unaandika kwa mkono? Weka Python, ile lugha ya kuiagiza kompyuta kazi. Mistari kumi tu, kila kitu kinajijumlisha chenyewe."

Mistari kumi. Hii ni wiki ya tatu, sijaandika hata mmoja.

Matatizo yalianzia ndani ya nyumba. Python kwa Kiingereza ni chatu. Mama watoto alinikuta kwenye simu sauti imefunguliwa, mpwa ananielekeza: "Mtoe kwanza, halafu umweke upya." Akabeba mtoto, akahamia kwa jirani. Ilibidi kijana ampigie amweleweshe kwamba Guido van Rossum, yule Mholanzi aliyeitoa hii lugha mwaka 1991, hakuwa anafikiria nyoka. Jina alilichukua kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Kwa hiyo mwenyewe alishatutangazia tangu mwanzo kwamba hapa ni vichekesho, sisi ndio hatukusikia.

Laptopu yangu ya mtumba ilikuja na Windows 7. Nikashusha Python mpya kuliko zote, maana sipendi vitu vya zamani, ikanigomea mlangoni. Kumbe toleo la 3.8 ndilo la mwisho lililokubali kukaa na Windows 7, kuanzia 3.9 hawataki hata kusalimiana. Fundi akaniwekea Windows 10, elfu ishirini ikaenda. Nikashusha tena, bando likaenda. Safari hii ukajaa ule mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi, likatokea neno zuri kwamba imefanikiwa. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika python kwa heshima zote, nikagonga Enter.

Likafunguka duka la mtandaoni.

Duka, ndugu zangu! Nimemleta mgeni mimi mwenyewe, nimempa chumba, nimemtandikia. Namwita, naambiwa niende dukani nikamchukue.

"Mjomba, uliweka tiki kwenye PATH?"

Tiki gani? Nikarudi kuangalia. Ukurasa wa kwanza kabisa, chini kule, kuna kiboksi kidogo kisicho na tiki. Kitufe cha kuanza kazi kiko juu, kipana, kinakuita kama konda wa Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni. Nani ataangalia chini? Na kile kilichonyamaza kule chini ndicho chenye nyumba.

Nikaelezwa hiyo PATH mpaka nikaelewa, na nilipoelewa nikakasirika zaidi. Ni daftari la mjumbe wa nyumba kumi. Kompyuta haijui nani analala wapi. Ukiita jina, inafungua daftari, inagonga nyumba moja baada ya nyingine kwa mpangilio ulioandikwa, ikizimaliza inakujibu kwamba huyo hatumjui. Wewe unaweza kuwa uko chumba cha uani unakoroma mpaka bati linatikisika. Hukuandikishwa, hupo. Na kwenye daftari langu mimi, aliyekuwa ameandikishwa kwa jina la python ni dalali wa lile duka! Kazi yake kuitika "naam" halafu anakupeleka sokoni.

"Sasa jaribu kuandika py," mpwa akasema.

Nikaandika. Akaitika. Siku nne nzima chatu yumo ndani, ananisikia ninavyohangaika, kisa sikumwita kwa jina la utani. Ni kama mtaani kwetu, ukiulizia mtu kwa jina la kwenye kitambulisho utazungushwa mpaka magharibi.

Nilipochinja kuku kusherehekea, niliwahi. Kuna tarishi anaitwa pip, kazi yake kwenda kuchukua vifaa walivyotengeneza wengine akuletee. Nikamtuma kimoja tu, cha kuchora chati za mayai. Akakirudisha kibichi. Anasema hicho kifaa bado hakijaandaliwa kwa toleo langu jipya, kwa hiyo tukipike hapahapa nyumbani, ila kwanza nishushe zana za C++, lugha nyingine ya kompyuta, GB kadhaa. Yaani nimeagiza chipsi, nimeletewa viazi na kuambiwa nikanunue jiko.

Nikasema Windows ina mkosi na mimi, nikaenda kwa shemeji mwenye Mac. Sikukaa sana. Vijana walinihakikishia kwamba Mac huja na Python yake. Kweli, zamani. Ile 2.7 waliiondoa tangu toleo la 12.3 la macOS, mfumo wa Mac, mwaka 2022. Nikaandika python, haipo. Nikaandika python3, likaja dirisha linataka kushusha zana za watengeneza programu. Shemeji akaangalia dirisha, akaangalia bando lake, akaniangalia mimi. Nikaaga.

Ikabaki laptopu ya mpwa yenye Ubuntu, mfumo ambao si Windows wala Mac, aliyoniachia kwa moyo mweupe. Nikaandika python. Haipo, ila huyu angalau ana adabu, anakuuliza: au ulimaanisha python3? Nikaongeza 3, akaitika palepale. Nikamtuma pip, akagoma: hii mali inasimamiwa na mfumo, usiiguse, tengeneza uwanja wako pembeni. Ukitaka ubishi, kuna maneno ya kuongeza mwisho wa amri, na kwa Kiswahili maneno yenyewe ni "vunja vifurushi vya mfumo". Mtu mzima nikaogopa. Nikaona badala ya kuvunja kitu cha watu, bora nimtoe huyu Python wao taratibu, niweke wangu mpya.

Ikaja orodha ndefu ya vitu vitakavyoondoka naye. Ikaniuliza kama nina uhakika. Mwanamume ukiulizwa hivyo usiku, mkeo yuko pembeni anatazama, utajibu nini? Nikabonyeza Y.

Kumbe mle ndani Python ndiye anayeshikilia nyumba. Aliondoka na meza, na madirisha, na lile dirisha jeusi nililokuwa ninaandikia. Nilipozima na kuwasha, ulikuja weusi mtupu na maandishi meupe yanadai jina langu na nywila. Mtihani wa mpwa ulikuwa Alhamisi.

Nimerudi kwa Windows yangu. Jana usiku nikachukua mstari wa kwanza ambao mpwa aliwahi kunitumia kwenye faili la Word, wa kumfanya chatu aseme "Habari mjomba". Nikaunakili kama ulivyo, nikaubandika, nikagonga Enter nimefumba macho. Chatu amefungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu aingie kwangu, na neno lake la kwanza ni kwamba alama zangu za kunukuu si halali. Zimepinda. Word imezipinda kwa ajili ya urembo, yeye anakubali zilizonyooka tu.

Nikampigia mpwa kumuuliza zilizonyooka ziko wapi kwenye kibodi.

Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

Nikaongeza 3 mwishoni, nikapiga tena.