Tovuti Inayokua kwa Msimu: Wingu Kubwa au Seva ya Bei Moja?

Tovuti ya bei za mazao ninayoisimamia hapa Dodoma huwa na wasomaji wachache wakati wa mvua. Mahindi yanapoanza kuingia kwa wingi katika soko la nafaka la Kibaigwa wilayani Kongwa, na alizeti ya Singida inapokuwa barabarani, wasomaji huongezeka ghafla, na wengi wao hufika asubuhi, ndani ya muda wa saa moja tu baada ya kiungo kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Kila mwaka, kabla ya mavuno, wenzangu nami hurudia mjadala uleule: tuhamie kwenye wingu kubwa linalojipanua lenyewe, yaani kompyuta za kukodi za kampuni kama Amazon, au tubaki na seva ndogo, kompyuta moja inayoihifadhi tovuti na kuituma kwa wasomaji, ambayo bei yake haibadiliki?

Wanaotetea wingu kubwa wana hoja ambayo mfanyabiashara yeyote wa Kibaigwa angeielewa, kwa kuwa hakuna anayenunua malori kumi ya fuso kwa ajili ya mwezi wa Juni peke yake; huyakodi, mzigo ukiisha anayarudisha. Tangu mwaka 2006 Amazon ilipoanza kukodisha kompyuta zake kwa saa, tovuti inaweza kuongezewa seva wasomaji wanapofurika na kupunguziwa wanapoondoka, bila mtu kuamka usiku. Hata hoja ya umbali, kwamba seva za ng'ambo huchelewesha kurasa, imepungua nguvu, kwa sababu Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google ikafika Johannesburg mwaka 2024.

Mashaka yangu yanaanzia kwenye ankara. Katika wingu kubwa mtu halipii seva peke yake. Hulipia pia kila gigabaiti inayotoka kwenda kwa msomaji, na hapo ndipo wengi hushtuka. Tuchukue ukurasa wenye uzito wa megabaiti 2 unaofunguliwa mara 200,000 kwa mwezi, yaani gigabaiti 400. Amazon husamehe gigabaiti 100 za kwanza, na zinazobaki hutozwa takriban senti 9 za dola kila moja katika vituo vya Marekani na Ulaya, lakini Cape Town hufikia takriban senti 15. Gigabaiti 300 zinazolipiwa ni dola 45, ambazo kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola ni shilingi 112,500, kabla ya kulipia seva yenyewe na kabla ya kodi. Kwa kampuni yenye mapato ya kila siku fedha hizo ni kidogo, lakini kwa vijana watatu wanaochangishana mwisho wa mwezi ni pengo. Zaidi ya hayo, mfumo unaojipanua hautofautishi mkulima wa Mpwapwa na roboti, yaani programu inayopekua kurasa zote kwa pupa. Wote hupanuliwa nafasi, na wote huingia kwenye ankara. Tahadhari ya bajeti inayotumwa kwa barua pepe hutoa taarifa tu, haizuii matumizi mpaka mwenyewe aelekeze hivyo.

Upande wa pili, kampuni ya DigitalOcean hukodisha seva yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya gigabaiti 1 kwa dola 6 kwa mwezi, ikiwa na gigabaiti 1,000 za kusafirisha data ndani ya bei hiyo. Ukurasa uleule ukifunguliwa mara 200,000 hauongezi hata senti. Kasoro yake ni kwamba seva hiyo ikilemewa haijiokoi: tovuti huzorota, kisha huanguka, na kuipandisha daraja hulazimu izimwe kwa dakika kadhaa. Tena RAM iliyoongezwa inaweza kurudishwa chini msimu ukipita, lakini diski ikishapanuliwa haipunguzwi, na anayesahau jambo hilo hulipia diski kubwa mwaka mzima.

Mfano unaotajwa sana upande huu ni wa kampuni ya programu ya Marekani, 37signals, ambayo mwaka 2022 ilitangaza kuliacha wingu, katika mwaka ambao matumizi yake huko yalizidi dola milioni 3. Hoja yao ilikuwa ya kweli, kwamba mzigo unaojulikana na usiobadilika hauhitaji kukodiwa kwa saa. Hata hivyo, wao wana wahandisi wa kuzilea mashine zao, nami naona mfano huo unatumiwa vibaya na watu ambao hawana hata mmoja.

Lipo pia suala la kubaki nyumbani. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, tovuti zilizowekwa ng'ambo hazikufikika kwa urahisi hata na msomaji aliyeko Chamwino, ilhali seva iliyoko Dar es Salaam ingeweza kumfikia kupitia mitandao ya ndani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na sisi tunahifadhi namba za simu za wakulima. Watoa huduma wa ndani hulipwa kwa shilingi, jambo linalotuepusha na kupanda na kushuka kwa dola. Lakini nilipowahi kutumia mmoja wao, diski iliharibika na nikagundua kwamba nakala za akiba zilikuwa ndani ya mashine ileile. Bei za miezi minne zilipotea, na wakulima waliozihitaji kupanga mauzo yao hawakuwa na pengine pa kuzipata.

Kabla ya kuchagua upande, nashauri uzito wa ukurasa upunguzwe. Picha zilizopunguzwa zikishusha ukurasa hadi megabaiti nusu, gigabaiti 400 huwa 100, na ile tozo ya dola 45 hutoweka. Kashe nayo, yaani hifadhi ya muda, ikiutoa ukurasa ulioandaliwa tayari badala ya kuiuliza hifadhidata upya, huiwezesha seva ndogo kubeba asubuhi ambayo ingeiangusha. Cloudflare, kampuni inayoweka nakala za kurasa karibu na wasomaji na yenye kituo Dar es Salaam, ina kiwango cha huduma kisicholipiwa kinachoweza kuzishika picha hizo kabla maombi hayajaifikia seva.

Kwa tovuti ambayo furiko lake linajulikana kwa kalenda, kama yetu, naegemea seva ya bei moja. Mwisho wa Aprili tutaongeza RAM bila kugusa diski, na mwezi Agosti tutaishusha. Namba za wakulima zitakaa kwenye seva ya Dar es Salaam, nakala zake zikiwa kwa mtoa huduma mwingine wa ndani na kujaribiwa kurejeshwa kila mwezi. Siku wasomaji watakapoanza kufurika bila kufuata mavuno, kukiwa na mapato yanayopanda pamoja nao, nitakuwa wa kwanza kupendekeza tuhamie Cape Town.