Sifuri Si Rejesho

Wiki iliyopita, tukiwa katika ofisi ya walimu tukisubiri kengele ya kipindi cha mwisho, mwalimu mwenzangu wa Kiingereza hapa ugenini, kutoka Marekani, alitutangazia kwa furaha kwamba rejesho la mkopo wake wa chuo, kwa mwaka mzima ujao, litakuwa dola sifuri kwa mwezi. Walimu wawili vijana waliofika muhula huu, ambao bado wanahesabu kila senti, walimtazama kama mtu aliyevumbua mgodi wa dhahabu. Kengele ililia, nami nikanyamaza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijilaumu, na maneno niliyoyameza nayatoa hapa.

Alichosema si uongo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mmarekani anayefundisha Kiingereza ng'ambo, akitimiza siku 330 nje ya nchi yake ndani ya miezi 12, anaruhusiwa kuuondoa mshahara wake wa ugenini katika hesabu ya kodi ya mapato hadi kufikia dola 130,000 kwa mwaka 2025, kiwango ambacho sijapata kukutana na mwalimu wa Kiingereza aliyekikaribia. Mipango ya serikali yao ya kulipa mkopo wa chuo kwa kadiri ya kipato hutazama kile kinachosalia katika fomu ya kodi. Kisiposalia kitu, na rejesho nalo halipo. Sheria imefuatwa, hakuna aliyedanganya, na barua ya uthibitisho inakuja kwa lugha ya adabu kabisa. Jambo ambalo furaha ile ililisahau ni riba. Chukua deni la dola 30,000 kwa riba ya asilimia 6: kila mwaka linazaa dola 1,800, yaani karibu dola tano kwa siku, uwe darasani unafafanua nyakati za vitenzi au uwe ufukweni unapiga picha. Baada ya mikataba mitano ya mwaka mmoja mmoja, bingwa wetu wa sifuri atarejea kwao na dola 9,000 juu ya deni aliloondoka nalo. Siku atakapoajiriwa huko, ile nafuu ya kodi itakuwa imekwisha, rejesho litakadiriwa kwa mshahara wake wa huko, na kila atakacholipa kitaanza kwanza kumaliza riba iliyolimbikizwa kabla ya kuligusa deni la msingi.

Nakubali, shingo upande, kwamba wapo ambao sifuri inawafaa. Mwenye deni kubwa mno, ambaye ameamua kusubiri msamaha wa deni lililobaki unaotolewa baada ya miaka 20 au 25 kulingana na mpango wake, huhesabiwa hata ile miezi ya sifuri, ila akumbuke kwamba tangu kuanza kwa mwaka 2026 kiasi kinachosamehewa kwa njia hiyo kinaweza kutozwa kodi ya serikali kuu. Aidha, mpango mpya uliopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 2025 unaweka kima cha chini cha dola 10 kwa mwezi na unafuta riba ambayo rejesho halikutosha kuilipa, jambo ambalo ni afadhali, ingawa msamaha wake unasubiriwa miaka 30. Lakini mwenzetu hakuzungumzia lolote kati ya hayo. Alizungumzia pikipiki anayotaka kununua.

Kinachonikera hasa ni kwamba, kwa wengi wetu, miaka hii ya ugenini ndiyo miaka ambayo uwezo wa kulipa upo. Katika mpango wa shule za serikali wa Korea Kusini, mwalimu mgeni hupewa nyumba bila kudaiwa kodi ya pango, na akimaliza mkataba wa mwaka hupata kiinua mgongo kinachokaribia mshahara wa mwezi mmoja. Wamarekani, Wakanada na Waaustralia hurudishiwa pia michango yao ya pensheni kwa mkupuo wanapoondoka, fursa ambayo Waingereza hawana. Mtu asiyelipa pango, asiye na gari wala mtoto, akisema hana cha kupunguzia deni, mimi naomba aniruhusu nicheke. Nimeshuhudia viinua mgongo vya watu wazima, wenye shahada, vikiyeyuka kwa tiketi za ndege ndani ya juma moja, kisha wenye navyo wakatuma barua ya kuomba kuahirishiwa marejesho kwa sababu ya ugumu wa maisha. (Mmoja aliniomba nimsahihishie sarufi ya barua hiyo. Nilimsahihishia.)

Simsemi msaidizi wa lugha wa Hispania, yule mgeni anayemsaidia mwalimu wa Kiingereza darasani, ambaye posho yake humalizwa na chumba na chakula. Wala simsemi mwalimu wa Japani anayelipwa yeni huku akidaiwa dola, kwa kuwa huyo kaonewa na soko la fedha: rejesho la dola 300 lililohitaji takriban yeni 34,500 mwanzoni mwa 2022 lilihitaji takriban 48,000 katikati ya 2024, dola moja ilipogusa yeni 160, ilhali mshahara wake haukupanda kwa kasi hiyo. Hao wana haki ya kuomba nafuu, na waiombe kabla ya kuchelewa.

Wasio Wamarekani nao wasijione wameponea. Mwingereza anayekaa nje zaidi ya miezi mitatu anatakiwa kutoa taarifa ya kipato chake, na akikaa kimya hupangiwa kiasi maalumu cha kulipa kila mwezi bila kujali anapata nini. New Zealand huanza kutoza riba kwa aliyekaa nje takriban nusu mwaka, hukadiria rejesho kwa ukubwa wa deni badala ya mshahara, na mwaka 2016 mdaiwa wa kwanza alikamatwa katika uwanja wa ndege.

Nami si mtakatifu katika jambo hili. Mwaka wangu wa kwanza ugenini nilijiambia kwamba nitaanza kulipa nikishatulia, kana kwamba kutulia ni tarehe iliyoandikwa kwenye kalenda, na nikaacha kufungua barua pepe za mkopeshaji. Niliyemsahau ni mdhamini wangu, dada yangu mkubwa, aliyetia saini fomu zile bila hata kuzisoma kwa sababu aliniamini. Walipokosa kunipata mimi walimpigia yeye, akiwa kazini, mbele ya watu, nao walimpigia mara nne kabla hajaniambia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ninaumwa, kwa maana hakuweza kufikiria sababu nyingine ya mimi kuacha kulipa.

Tangu hapo benki yangu ina agizo la kudumu: siku inayofuata siku ya mshahara, kabla sijagusa chochote, rejesho linaondoka, na nusu ya kila kiinua mgongo inakwenda kwenye deni la msingi. Dada hajaniuliza tena habari za mkopo ule, nami bado namtumia risiti kila mwezi.