Rust au C kwa anayeanza? Ubishi uko kwenye vigeu

Kijana wa Malindi anayetaka kujifunza programu zinazogusa kumbukumbu ya mashine moja kwa moja hupewa ushauri wa namna mbili. Kuna wanaomwambia aanze na C, lugha aliyoiunda Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambayo vyuo vingi vinaifundisha mpaka leo. Wengine humwambia asipoteze muda, aingie Rust, iliyofikia toleo la 1.0 mwezi Mei 2015. Wabishi hupenda kutaja kasi na ajira. Anayeanza hajafika huko. Yeye siku ya kwanza anakumbana na vigeu, yaani majina ya kuhifadhia thamani, na hapo ndipo lugha hizi zinapoachana njia.

Tuchukue programu ndogo ya kujumlisha kilo za samaki wanaopimwa dikoni. Kwa Rust:

let jumla = 40;
jumla = jumla + 12;

Haipiti. Kompaila, yaani programu inayogeuza ulichoandika kuwa kitu mashine inachoweza kuendesha, inatoa kosa E0384, kwa sababu kigeu cha Rust kikishapewa thamani hakibadiliki mpaka uandike `let mut jumla = 40;`. Kwa C, `int jumla = 40;` kisha ukaongeza 12, kazi imekwisha. Watetezi wa C wana hoja hapa: mwanafunzi amekwama mstari wa pili, na dawa aliyopewa ni herufi tatu asizojua kazi yake. Matokeo yake anabandika `mut` kila mahali. Kompaila itamwonya kwamba kigeu fulani hakikuihitaji, lakini onyo halizuii programu kukimbia, na maonyo husomwa na wachache.

Sasa igeuze. Kwa C, andika `int jumla;` bila kuipa thamani, kisha anza kuongeza kilo za changu na tafi. Programu inajengwa, inakimbia, na jibu linategemea takataka iliyokuwa imelala kwenye kumbukumbu. Pengine leo palikuwa na sifuri, basi hesabu inatoka sawa na mwanafunzi anaenda zake akiamini amepatia. Ukiipa gcc, kompaila ya C, swichi ya maonyo `-Wall`, mara nyingi itaonya, ila si kila mara. Rust inagoma kwa E0381 na kukuonyesha mstari wenyewe. Kwa mtu anayejifunza peke yake, bila mwalimu wa kumtazama begani, kosa linalopiga kelele lina faida kuliko jibu bovu lililonyamaza.

Suala la ukubwa halina mshindi wa wazi. Tuseme uzito umewekwa kwa gramu kwenye kigeu cha `u16` (namba nzima isiyo hasi ya biti 16), ambacho mwisho wake ni 65,535, yaani kilo 65 na nusu na kidogo. Nguru wa kawaida atatosha. Aje nduwaro wa kilo 90, nafasi hakuna. Ukimwandika moja kwa moja kama 90000, Rust inakataa kujenga. Lakini namba zikijumlishwa wakati programu inakimbia, 65,000 na 1,000, mambo hutegemea ulivyoijenga: kwa `cargo run` ya kawaida, amri ya kujenga na kuendesha, programu inasimama na kulalamika; kwa `--release`, yaani ujenzi wa toleo la kutumiwa, inaanza upya kutoka sifuri kimyakimya na kukupa 464. C ukiliweka jibu kwenye `uint16_t`, aina yake ya ukubwa huohuo, hukupa hiyo 464 siku zote. Kwa hiyo anayesema Rust inalinda kila hesabu amezidisha chumvi. Tumia `u32`, yenye nafasi kubwa zaidi, au `checked_add`, inayokuarifu jumla ikizidi nafasi, pale ambapo namba inatoka kwa mtumiaji.

Na upo mtego ambao ni wa Rust yenyewe. Lugha inaruhusu kutangaza kigeu kipya kwa jina lilelile, jambo zuri unapogeuza maandishi "42" kuwa namba 42 bila kutafuta jina jingine. Ila tazama hapa:

let jumla = 0;
for kilo in [12, 7, 30] {
    let jumla = jumla + kilo;
}
println!("{}", jumla);

Jibu ni 0, si 49. Kile `jumla` cha ndani ni kigeu kingine, kinazaliwa na kufa ndani ya mabano kila mzunguko. Kompaila inaonya tu kwamba hakikutumika. Mara nyingi anayenaswa ni yule aliyechoshwa na E0384 akaona `let` ya pili inanyamazisha kosa.

Ugumu mkubwa wa Rust, kwa maoni yangu, hauko kwenye `mut`. Uko kwenye umiliki, yaani kanuni ya kigeu kipi kinamiliki thamani. `let b = a;` ikiwa `a` ni namba, vyote viwili vinaendelea kutumika. Ikiwa `a` ni maandishi, `String::from("nguru")`, thamani imehamia kwa `b`, na ukimgusa `a` unapata E0382. Mistari inafanana, tabia hazifanani, na mwanafunzi ana haki ya kukasirika. C hukubali vielekezi viwili (vigeu vinavyoshika anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) vishike kumbukumbu moja, kisha ukiiachilia, yaani kuirudisha kwa mashine, mara mbili programu inaweza kuanguka mbali kabisa na kosa lilipo. Ndiyo maana ningemwanzisha kwa Rust, lakini kwa namba tupu kwanza: `i32`, `u32`, vitanzi, fanksheni. `String` na `&` (kuazima thamani bila kuimiliki) baadaye, `mut` ikishamkaa mkononi.

Kuna sharti moja, nalo ni kompyuta yenyewe. Kwenye Windows, Rust kwa njia ya kawaida huhitaji pia zana za C++ za Microsoft, ambazo ni gigabaiti kadhaa. Kwa bando la simu hiyo ni hasara tupu. Kwenye Linux unahitaji gcc ya kuunganisha vipande vya programu, kisha chagua wasifu wa `minimal` wakati wa kusakinisha ili nyaraka zisishuke. Maelezo ya makosa utayapata hata bila mtandao kwa `rustc --explain E0384`. Mwenye simu tu anaweza kupata lugha zote mbili ndani ya Termux, programu ya Android inayokupa amri za Linux, kwa `pkg install rust` au `pkg install clang`, na kama nafasi ya simu ni finyu, clang, kompaila ya C, ndiyo nyepesi: hapo aanze na C, asisahau `-Wall`.