Fedha za Maafa Nazo Zivunjiwe Kamati

Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi Tanzania anaujua utaratibu. Ahadi zinaandikwa, mweka hazina anarusha orodha kwenye kundi la WhatsApp kila jioni: nani katoa, nani kapunguza, nani bado. Sherehe ikipita, kinaitishwa kikao cha kuvunja kamati. Zilizoingia zinasomwa, kisha ukumbi umechukua ngapi, chakula ngapi, mpiga picha ngapi, na kilichobaki kinakabidhiwa mbele ya watu. Hakuna anayeona ametukanwa akiulizwa risiti ya soda.

Fedha za maafa zinastahili angalau hesabu ya namna hiyo, na simu tulizonazo mikononi zinatosha kuifanya. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuzielekeza simu hizo panapostahili.

Tetemeko la Kagera lilipiga alasiri ya Septemba 10, 2016, likiwa na ukubwa wa 5.9. Watu 17 walifariki na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka kuta. Nchi nzima ilichanga: kampuni, balozi, makanisa, misikiti, watu wa kawaida kwa miamala midogo ya simu. Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma za kufungua akaunti ya pili ya benki yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya michango. Januari 2017 alifika Bukoba na kuwaambia wananchi kwamba Serikali haitamjengea nyumba mtu mmoja mmoja. Kipaumbele kilikuwa taasisi za umma.

Huenda uamuzi huo wa pili ulikuwa na mantiki yake. Shule ya Sekondari Ihungo ilijengwa upya, na shule ni kitu cha maana. Lakini wapo waliotuma elfu kumi wakiamini wanamnunulia bibi wa Kagera bati, na habari kwamba haitakuwa hivyo waliipata kwenye vyombo vya habari miezi minne baadaye. Kwa waathirika wa maporomoko ya matope ya Hanang', Desemba 2023, nyumba za watu zilijengwa. Anayechanga leo hajui mchango wake utakuwa bati la mtu au darasa la kata. Ana haki ya kujua kabla hajaweka namba ya siri.

Na ile akaunti ya pili? Kama namba ya akaunti halisi ingekuwa imetumwa kwa kila aliyechanga, na salio lake likionekana kwa kila mtu siku hadi siku, akaunti pacha isingekuwa na pa kujificha. Kuingiza fedha tumeshakujua vizuri. Serikali ina namba za malipo, mitandao ya simu inakutumia ujumbe sekunde ileile. Fedha ikishaingia, ujumbe unakoma.

Teknolojia nyingi ya misaada imeelekezwa kumkagua mwenye njaa. Hilo lina faida yake na sitaki kuibeza. Uganda mwaka 2018, baada ya tuhuma za wakimbizi hewa, ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walihakiki kila mkimbizi kwa alama za vidole na mboni za macho. Hesabu iliyokuwa milioni 1.4 ikashuka hadi milioni 1.1 hivi. Tofauti ya watu laki tatu ni chakula kingi mno.

Ila mtazame na kijana wa Garissa. Miaka ya ukame, familia za Wasomali wa Kenya wanaoishi jirani na kambi za wakimbizi za Dadaab ziliandikishwa kama wakimbizi ili zipate mgao, na watoto wakaandikishwa pamoja na wazazi. Walipofika umri wa kuomba kitambulisho, mashine ikasoma vidole vyao na kusema hawa si Wakenya. Maelfu walikwama kwa miaka: bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti, ajira ya maana huipati, na kila kizuizi cha barabarani ni hofu. Unga aliopewa mtoto ulifuatiliwa hadi ukubwani mwake. Nani amewahi kuifuatilia kwa bidii hiyo dola iliyoununua unga huo?

Mfumo unaojaribu kuifuatilia upo. IATI, mpango wa kimataifa wa uwazi wa misaada ulioanzishwa Accra mwaka 2008, unawataka wafadhili na mashirika waweke takwimu za fedha zao wazi kwenye intaneti. Utaona nchi fulani imelipa shirika kubwa la kimataifa. Shirika hilo linampa mkandarasi, mkandarasi anampa mshirika wa mkoani, kila ngazi inakata gharama za uendeshaji, na kadiri unavyoshuka ndivyo nyayo zinavyofifia. Kwenye mkutano wa Istanbul mwaka 2016 wafadhili na mashirika makubwa ya misaada waliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya fedha za dharura ingeyafikia mashirika ya wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka huo ulipita, robo haikufika.

Wapo wanaoniambia jibu ni blokicheni, daftari la kidijitali linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi. WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, lilianza kuitumia kwa wakimbizi wa Syria huko Jordan mwaka 2017, na likapunguza ada za benki. Sawa. Lakini daftari hilo linasomwa na mashirika yenyewe. Mama anayelipia mchele kwa mashine kusoma mboni ya jicho lake halisomi.

Tena mfumo wa kidijitali wenyewe haumzuii mwizi aliye ndani. GiveDirectly, shirika linalotuma fedha kwa maskini kupitia simu, lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban dola 900,000 za familia za Kongo ziliibwa na wafanyakazi wake wakishirikiana na wengine. Kwa sababu ya hali ya usalama, wafanyakazi walikuwa wameruhusiwa kuwasajilia walengwa laini za simu. Tundu moja likatosha. Nawasifu kwa jambo moja: walilisema wenyewe, hadharani, na kiasi wakakitaja. Ni mashirika mangapi yangethubutu?

Kwa hiyo maafa yajayo yakitokea, na tukaombwa tena kuchanga, nataka akaunti iwe moja na taarifa yake ya benki iwekwe wazi kila wiki. Kila mzabuni atajwe kwa jina na kiasi alicholipwa. Aliyechanga apate ujumbe wa Kiswahili fedha zinapotoka, kama alioupata zilipoingia. Orodha ya vilivyofika ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, kwa ajili ya wasio na simu janja. Na namba ya malalamiko ipokelewe na mtu asiyelipwa na yule anayegawa.