Upele kwenye nyumba za wazee: kwa nini apakwe hata asiyejikuna

Huku Uingereza upele (scabies, ule unaoletwa na wadudu wadogo sana wanaoingia kwenye ngozi) ukiingia kwenye nyumba ya wazee ugomvi ni uleule kila mara. Mwongozo wa idara ya afya unasema wakipatikana wagonjwa wawili wanaohusiana ndani ya wiki 8 huo tayari ni mlipuko, na kawaida nyumba nzima inatibiwa kwa pamoja, wazee na wafanyakazi, anayejikuna na asiyejikuna. Hapo ndipo familia zinakuja juu: mama yetu hana hata kipele kimoja, mnampaka dawa ya nini?

Siwalaumu kabisa. Kupaka ile krimu ya permethrin, dawa ya kuua hao wadudu, sio kama kupaka lotion. Mzee unamvua nguo zote, unampaka mpaka kichwani na usoni ukikwepa macho, nyuma ya masikio, kati ya vidole, chini ya kucha, kwenye mikunjo yote, nyayo, halafu inakaa masaa 8 mpaka 12, akinawa mikono unampaka tena, na baada ya siku 7 mnarudia yote. Nimewahi kuwa ndani ya hicho chumba, bibi mwenye ugonjwa wa kusahau ameng'ang'ania pindo la shuka analia, anaona kavamiwa na watu asiowajua. Mtu akiniambia huo ni ukatili nitamsikiliza.

Lakini kuna hesabu moja hainitoki kichwani. Mwaka 2018 jarida la Lancet Infectious Diseases lilichapisha utafiti wa nyumba 10 za wazee kusini mashariki mwa England, wazee 230 wakakaguliwa, 61 wakaonekana wana upele au wana alama za kuushuku, na kati ya hao 61, wazee 31 hawakuwa wanalalamika chochote. Nusu nzima! Halafu 35 alama zao zilikuwa sehemu zinazofunikwa na nguo tu, kwa hiyo daktari anayekuja akaangalia viganja na mikono akaondoka, hao wote kawapita. Na waliokuwa kwenye hatari zaidi ni haohao wenye ugonjwa wa kusahau, watu ambao hata wakiwashwa hawawezi kukwambia, ni ule msemo wa mwenye upele kukosa kucha. Sasa ukisema tutibu wanaojikuna tu, maana yake unawaacha hao 31 wakae sebuleni, washikwe mikono, wainuliwe kitandani, na mwezi ujao mnaanza upya, na yule bibi wa shuka anavuliwa nguo mara ya tatu, ya nne. Kwangu huo ndio ukatili mkubwa zaidi.

Kuna wanaosema basi wapewe vidonge vya ivermectin, ile dawa tuliyoizoea kwetu kwa usubi. Ni rahisi kweli, na huwa inatumika, hasa kwa ule upele wa magamba ambao mtu mmoja anabeba wadudu maelfu kwa maelfu wakati upele wa kawaida ni wadudu 10 au 15 tu. Mwaka 1997 barua moja ya madaktari wa Canada kwenye jarida la kitabibu ilizua hofu ya vifo vya wazee waliomeza, uchunguzi uliofuata haukuithibitisha, lakini mzee anayemeza dawa nane kwa siku lazima daktari amuangalie kwanza, hilo halina ubishi.

Linaloniuma mimi ni upande wa wafanyakazi. Mtu akiambukizwa kwa mara ya kwanza muwasho unaanza baada ya wiki 4 mpaka 6, kwa hiyo anayeanza kujikuna leo huenda aliupata mwezi uliopita, na nani kauleta hakuna anayeweza kujua. Ila lawama inajua njia, inaenda kwa yule dada aliyetoka Kenya au Zimbabwe, eti mmekuja nao, wakati yeye ndiye anamuinua mzee kwa mikono yake kila asubuhi. Naye akijua kwamba akisema anawashwa atakosa shifti na hela ya kodi, atanyamaza, atavaa mikono mirefu, na mume na watoto nyumbani hawatatibiwa, halafu mpango wote unavuja kupitia kwake.

Kwa hiyo ndio, wapakwe wote, siku moja. Ila wafanyakazi walipwe siku hiyo na dawa ya watu wa nyumbani kwao itolewe hapohapo, familia ziambiwe wiki nzima kabla sio jioni ileile, na chumbani kwa yule bibi asiingie mtu wa ejensi, wale wa kukodiwa kwa siku, mwenye haraka, aingie yule anayemuogesha kila siku, anayejua kwamba ukianza na miguu hatulii lakini ukianza na mikono huku unamuulizia habari za mbwa wake atakuachia shuka mwenyewe.