Printa ya 3D haijui mfupa ulipo

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walionyesha moyo uliochapishwa kwa printa ya 3D, mashine inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka, kutokana na chembe hai za binadamu, na picha zake zikazunguka dunia. Ulikuwa na ukubwa wa moyo wa sungura na haukuweza kusukuma damu. Tuuache huko maabara. Ubishi unaotugusa zaidi Afrika Mashariki ni wa kitu duni zaidi: soketi ya mguu bandia, ichapishwe kwa printa au iendelee kutengenezwa kwa mkono.

Soketi ni lile kombe la plastiki linalovishwa kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Unyayo na bomba la chini huja kwa saizi, kama viatu, lakini soketi haina saizi kwa sababu vigutu viwili havifanani. Ikibana inachubua. Ikilegea inachubua vilevile, na mguu unaishia uvunguni.

Kwa njia iliyozoeleka, fundi hufunga kigutu kwa bandeji za plasta, akazivua zikikauka, akamimina plasta nyingine ndani apate sanamu. Kisha huichonga kwa tupa: anapunguza mahali nyama inapoweza kubeba uzito, anaongeza mahali mfupa ulipo chini tu ya ngozi. Plastiki hulainishwa kwenye oveni na kuvishwa juu ya sanamu hiyo, halafu hukatwa na kujaribiwa. Ni kazi ya siku kadhaa, na mgonjwa aliyetoka mbali huzilipia zote: chakula, malazi, shamba lililobaki bila mtu.

Katikati ya miaka ya 2010, hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, njiani kati ya Kampala na Entebbe, ilishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto kujaribu njia nyingine. Skana ya mkononi inapitishwa kuzunguka kigutu kusoma umbo lake, umbo hilo linarekebishwa kwenye kompyuta, printa inafanya kazi kwa saa kadhaa. Hakuna plasta wala vumbi lake, na mtoto anayelia akiona bandeji anatulia. Kasi hii ina maana hasa kwa watoto, ambao hubadilishiwa mguu kila baada ya miezi 6 hadi 12, wakati mtu mzima hukaa nao miaka 3 hadi 5. Anayeanza na miaka 6 atahitaji miguu isiyopungua 12 kabla ya kutimiza 18. Hapo wapenzi wa printa wana hoja ambayo sioni jinsi ya kuipangua.

Ila tazama kilichobadilika. Tupa imekuwa kipanya cha kompyuta, basi. Wapi pabonyezwe na wapi paachwe bado ni uamuzi wa mtu aliyevishika vigutu vingi, na asiyejua atachapisha kosa lilelile haraka zaidi. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mtu 1 tu kati ya 10 waliohitaji vifaa saidizi ndiye aliyevipata, na moja ya sababu zake ni uhaba wa wataalamu. Chuo cha TATCOT pale Moshi, kando ya hospitali ya KCMC, kimekuwa kikiwafundisha kwa miongo kadhaa, wakiwemo wanafunzi kutoka nje ya Tanzania. Ninachoogopa ni wafadhili: mashine inapendeza kwenye picha kuliko karo ya mwanafunzi.

Kuna na suala la uimara. Plastiki ya printa nyingi hujengwa tabaka juu ya tabaka, na kama chapati iliyosukumwa vizuri, huachia pale tabaka zinapokutana. Kipimo cha kimataifa cha miguu bandia, ISO 10328, hudai mizunguko milioni 3 ya kubebeshwa uzito. Polipropilini ya Msalaba Mwekundu, plastiki inayolainishwa na kuvishwa juu ya sanamu kwa njia ya zamani, ni ya bei nafuu na watu wamekwisha kutembea nayo katika nchi nyingi zenye vita. Printa inashindana na hiyo, na umeme ukikatika saa ya tano ya kazi huenda fundi akalazimika kuanza upya.

Mikono ya kuchapishwa inayosambazwa na mtandao wa kujitolea wa e-NABLE ndiyo inanitia shaka zaidi. Mtoto hufurahia rangi zake, na hiyo ni haki yake. Lakini vidole hivyo huvutwa na kamba kifundo cha mkono kinapokunjwa, mkamato wake ni hafifu, na mkulima wa kushika jembe atafaidika zaidi na kulabu ya chuma isiyopendeza hata kidogo.

Ningepewa fungu la kugawa, nisingeanzia kwenye printa. Ningenunua skana tano, zinaingia kwenye begi na kupanda basi hadi Karamoja au Kigoma, fundi akapime huko na mgonjwa alale kwake. Printa moja ingetosha, mahali penye umeme wa uhakika. Kinachobaki kiende Moshi, kulipia karo.