Sheria ya Tumbaku Ianze Kumlinda Mhudumu wa Baa

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya, iliyopitishwa mwaka 2007 na kuanza kutumika Julai 2008, inapiga marufuku uvutaji wa sigara mahali pa umma, na anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au kupewa adhabu zote mbili. Naiunga mkono sheria hiyo bila kusita. Ninacholalamikia ni namna inavyotekelezwa, kwa sababu katika miji yetu anayesumbuliwa zaidi ni mtu anayevuta sigara kando ya barabara, palipo na upepo, ilhali baa na klabu za usiku, ambamo moshi hauna pa kutokea na wafanyakazi hawana pa kukimbilia, huachwa zijiendeshe zitakavyo.

Katikati ya jiji la Nairobi kuna sehemu zilizotengewa wavutaji, na anayewasha sigara nje ya sehemu hizo hujiweka katika hatari ya kukamatwa na askari wa kaunti. Sipingi kuwepo kwa utaratibu huo. Hata hivyo, wakazi wengi wa jiji wanajua jinsi kukamatwa huko kunavyomalizwa mara nyingi: mtu huzungushwa, hutishwa kwa faini ambayo hawezi kuilipa, kisha huachiliwa baada ya kutoa alichonacho mfukoni. Fedha hizo hazifiki mahakamani wala katika hazina ya kaunti, na hakuna pafu hata moja lililookolewa kwa zoezi hilo. Tena anayekamatwa kwa urahisi ni mchuuzi, kibarua au kijana asiye na wa kumpigia simu, wala si mteja aliyeketi kwenye kochi la ngozi katika klabu ya ghorofa ya tatu.

Ni ndani ya klabu hiyo ndimo madhara yaliko. Moshi wa tumbaku una maelfu ya kemikali, zikiwemo takriban 70 zinazojulikana kusababisha saratani, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani hakuna kiwango cha moshi huo ambacho mtu asiyevuta anaweza kukipumua kwa usalama. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba kila mwaka watu zaidi ya milioni 1 ambao hawavuti sigara hufa duniani kutokana na moshi wa wengine. Mpita njia barabarani hukutana na moshi kwa sekunde chache, akasonga mbele. Mhudumu anayeingia kazini jioni na kutoka alfajiri huupumua kwa saa nane au kumi, usiku baada ya usiku, akiinama juu ya meza zenye vibweta vya majivu, na pengine akiwa mjamzito kwa miezi kadhaa kabla ya mwajiri wake kujua.

Mhudumu huyo hana sauti. Wengi wao hulipwa kwa siku, hawana mkataba wa maandishi, na sehemu kubwa ya riziki yao ni bakshishi anayoiacha yule yule mteja anayevuta. Kumwambia azime sigara ni kuhatarisha bakshishi hiyo, na kumlalamikia meneja ni kuihatarisha kazi yenyewe. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa, na kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Sioni kwa nini haki hizo zikome kwenye mlango wa baa.

Wamiliki wa baa hujibu kwamba wana vyumba maalumu vya wavutaji. Ni kweli kwamba sheria yetu inaruhusu vyumba hivyo, mradi vitenganishwe kabisa na sehemu nyingine na hewa yake itolewe nje, na kwa maoni yangu huo ndio udhaifu wake mkubwa. Kila aliyekulia katika nyumba ambamo samaki hukaangwa anajua kwamba mlango wa jikoni hauzuii kitu. Miongozo ya kutekeleza kifungu cha 8 cha Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku, iliyokubaliwa mwaka 2007, inasema wazi kwamba mitambo ya kupitisha hewa na vyumba vya wavutaji havitoshi kuwakinga watu. Kenya iliutia saini na kuuridhia mkataba huo mwaka 2004. Isitoshe, hata chumba kikijengwa kwa ustadi wa namna gani, lazima awepo mtu wa kuingia humo kupeleka vinywaji na kuokota glasi.

Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, ilichukua msimamo mkali zaidi kuliko wetu, ikapiga marufuku uvutaji ndani ya maeneo ya umma na katika umbali wa mita 50 kutoka hapo. Ayalandi, nchi inayojulikana kwa baa zake, ilipiga marufuku uvutaji ndani ya baa zote kuanzia tarehe 29 Machi 2004, na sababu kuu iliyotolewa ilikuwa afya ya wafanyakazi. Watafiti waliowapima wahudumu wa baa wa Dublin kabla na baada ya marufuku hiyo walikuta kikohozi na matatizo mengine ya kupumua yamepungua. Wateja walizoea kutoka nje kuvuta, kisha wakarudi ndani kumalizia vinywaji vyao.

Wapo watakaosema kwamba mtu mzima ana uhuru wa kuvuta. Anao, na mimi simnyang'anyi. Nikotini ni uraibu mgumu, na anayetaka kuuacha anastahili kusaidiwa katika zahanati badala ya kukimbizwa mitaani. Ila uhuru huo hauwezi kugharimiwa na mapafu ya mtu aliyekuja kutafuta karo ya watoto wake. Kuhusu hoja ya kwamba serikali haina uwezo wa kuzikabili kampuni za tumbaku, mahakama zimekwisha kuijibu: British American Tobacco ilipozipinga kanuni za tumbaku za mwaka 2014, kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu, na Novemba 2019 rufaa ya kampuni hiyo ikatupiliwa mbali.

Kwa hiyo Bunge lifute ruhusa ya vyumba vya wavutaji ndani ya baa, hoteli na klabu. Wakati tukisubiri, kaunti hazihitaji sheria mpya ili kuanza, kwa kuwa ndizo zinazotoa leseni za kuuzia pombe na zinaweza kuinyima leseni baa yoyote inayoachia moshi ndani. Maafisa wa afya ya umma wapewe orodha ya klabu na usafiri wa usiku, na ukaguzi ufanywe Ijumaa saa tano usiku, wahudumu wakiwa kazini, wala si saa nne asubuhi wakati viti bado vimepinduliwa juu ya meza.